Sehemu ya Sita Haikuja

Redio ya kijiji ilikaa nyumbani kwangu kwa sababu mlango wangu ulikuwa na kufuli. Nilikuwa katekista, Mwalimu kama watu walivyoniita, wa kigango kimoja, kanisa dogo lisilo na padre wake, huku juu milimani. Ukishuka Morogoro Mjini kwa miguu ulitumia saa tatu, na ukipanda na mzigo ulitumia tano au zaidi, ikitegemea umri wako na mvua. Serikali ilipotuletea redio kwa ajili ya elimu ya watu wazima, mwenyekiti wa kijiji aliona kwamba nyumba yangu ndiyo pekee iliyofungwa, kwa kuwa ndani mlikuwa na sanduku la mavazi ya padre. Redio ikawekwa juu ya sanduku hilo, ikafunikwa kitambaa.

Kila Jumatano betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi, kwenye ungo, pamoja na maharage, ili zipate nguvu kidogo. Saa kumi jioni niliibeba redio hadi darasani, nikafunga waya wake kwenye mwanzi uliosimamishwa nje ya dirisha. Watu walikuja moja kwa moja kutoka mashambani, wakaegemeza majembe ukutani na kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake, na ni lazima niueleze, maana humo ndimo nilimokosea. Redio ilifundisha kwa nusu saa: kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba. Kisha tulizima ili kuokoa betri, tukazungumza, nami nikajaza fomu. Fomu ilikuwa na maswali matatu. Mmejifunza nini? Mtafanya nini? Nani atasimamia? Kilichoandikwa kilipelekwa wilayani, na kilichopelekwa wilayani kilitekelezwa. Hivyo ndivyo kitongoji chetu kizima kilivyopata vyoo. Watu waliokuwa hawajui kusoma waliiheshimu ile karatasi kuliko mimi niliyeijaza.

Jumatano moja kalamu yangu iliangukia chini ya madawati. Nilipokuwa nimeinama kuitafuta, somo likaisha na hakuna aliyezima redio. Mtangazaji akasema kwamba sasa unaanza mchezo mpya wa kuigiza, kuhusu watu wanaojua mambo ambayo wengine hawayajui. Niliposimama na kalamu yangu, watu wote walikuwa wameinamia mbele. Nikaacha iendelee.

Bara hatukuwa na televisheni siku zile. Tulisikia tu kwamba Unguja wanayo. Lakini kwetu watu walisema wanakwenda kutazama mchezo, na kweli waliitazama ile redio, macho kwenye kitambaa cha spika, kama kwamba mtu angeweza kutokea pale.

Mchezo wenyewe ulikuwa na watu watatu. Mwalimu wa shule ya mjini alisikia mawazo ya watu kama unavyomsikia jirani akiongea nyuma ya ukuta. Dereva wa treni aliona yaliyoko mbali kabla treni haijafika. Na mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani, akishika nguo ya mtu alijua mwenye nguo yuko wapi na ana hali gani. Wote watatu waliwaficha watu vipaji vyao, wakawa wanakutana kwa yule fundi, na kila walipokutana ulisikia cherehani ikienda. Nikiandika hivi leo inaonekana ni kitu kidogo. Darasani mle, ukungu ukiingia dirishani, hakikuwa kidogo.

Sehemu ya kwanza ilipoisha nilizima. Watu hawakuinuka.

"Haya, Mwalimu," akasema mzee mmoja mkulima wa karoti, aliyekaa mbele siku zote kwa sababu sikio lake moja lilikuwa zito. "Jaza."

"Nijaze nini, mzee wangu? Huo ni mchezo."

"Umetoka redioni, haukutoka redioni?"

"Umetoka."

"Serikali inaweza kuunguza betri zake bure? Jaza, bwana. Tusije tukaambiwa kijiji hiki ni wavivu."

Watu wakacheka, lakini walibaki wamekaa. Ilinipasa kufunga daftari na kuwaambia waende nyumbani. Nilikuwa kijana, nilipenda kupendwa, na kicheko kile kilinifurahisha. Nikajaza. Mmejifunza nini? Nikaandika kwamba wapo watu wenye vipaji vya kujua yaliyofichika. Mtafanya nini? Nikaandika kwamba tutawatafuta kijijini kwetu. Mimi, niliyefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kila Jumamosi, niliandika hayo kwa mkono wangu. Nani atasimamia?

"Dada yake Mwalimu," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma, na darasa zima likaitikia.

Dada yangu alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Alikuwa mjane, akiishi nyumba ya nyuma yangu, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare na mavazi ya padre. Alifua kwa sabuni ya mche, akasuuza kwa maji ya buluu, akaweka wanga wa muhogo kwenye kola. Watu walisema ana mkono. Wakati fulani alifua alba, ile kanzu nyeupe ya padre, akaniambia, "Padre ana homa, na hajajua." Siku ya tatu padre alilala kitandani akitetemeka. Mara nyingine alishika nepi ya mtoto wa jirani na kumwambia mama yake ampeleke zahanati siku ile ile. Kwa dada yangu hayo yalikuwa mambo ya jasho na harufu, na watu wengine hawakuyajua kwa kuwa hawakufua nguo za wengine. Lakini hadithi ilikuwa imekwisha kutembea.

Siku ile hakuwepo darasani. Nilimkuta akipuliza mkaa wa pasi.

"Wamekuchagua," nikamwambia, nikicheka.

Nilipomaliza kumweleza aliiweka pasi chini. "Umeniandika kwenye karatasi ya Serikali?"

"Ni utani tu, dada."

"Utani ungeuacha mdomoni, mdogo wangu. Wewe umeuandika."

Fomu ilishuka wilayani kesho yake, kwenye tenga la mtu aliyekuwa akipeleka kabichi sokoni.

Sasa nimtaje mama mmoja wa pale kijijini, ambaye habari hii ni yake kuliko yangu. Mwanawe wa kwanza aliteremka kwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya bondeni, ng'ambo ya Mikese. Aliandika barua moja, nami nilimsomea mama yake mara nyingi hata nikaijua kwa moyo. Alisema mkonge unachoma mikono, chakula si kibaya, na atarudi na blanketi. Baada ya hapo kimya, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Waliotoka huko walisema aliondoka na wenzake kwenda kutafuta kazi nyingine. Mmoja alisema aliugua. Mwingine alisema si yeye aliyeugua.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wa kijana yule alikuwa amempa mpwa wake shamba zuri kando ya kijito, na sasa shamba lilikuwa likiota magugu. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia dada yake mbele yangu, "Mtoto wa watu hawezi kukaa hivi, si hai si maiti. Maharage yakishavunwa tutaweka matanga, tumlilie, shamba nimpe mdogo wake."

"Nitamlilia nikijua," yule mama akajibu.

"Nani atakujulisha?"

Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Yule mama alihesabu wiki zilizobaki kama mgonjwa anavyohesabu dawa, akiogopa kuketi chini na kumlilia mtu aliye hai mahali fulani, na akiogopa vilevile kuendelea kumngojea mtu aliyekwisha kuzikwa na wageni.

Alikuja kila Jumatano. Katika sehemu ya nne ya mchezo, mwanamke mmoja alimletea yule fundi cherehani shati la mumewe aliyepotea. Fundi alikataa kulishika. Katika sehemu ya tano mwanamke alirudi, akapiga magoti, ukasikia kabisa magoti yakigonga sakafu. Cherehani ikanyamaza. Fundi akasema, "Lete." Pakawa kimya kirefu, kisha akasema, "Nipe mkono wako, mwanangu, nikuambie." Ukapigwa muziki, na mtangazaji akatuaga mpaka wiki ijayo.

Jumatano iliyofuata darasa lilijaa watu hata wa kilima cha pili. Wengine walisimama dirishani, nikawaomba wasiguse waya. Somo lilihusu kufunika chakula. Likaisha. Mtangazaji akasema sasa tutasikiliza ngoma. Tukazisikiliza hadi betri zikaanza kukoroma. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Hakuna aliyetueleza neno. Sehemu ya sita haikuja, wala haijaja hadi leo.

"Wamefungwa wale," mzee wa karoti akasema. "Mtu ukijua mawazo ya wakubwa utaachwa?"

"Labda yule fundi amekufa."

"Afe vipi, mzima vile?"

"Kwani ulimwona?"

"Nilimwona kuliko ninavyokuona wewe."

Wakacheka. Ndipo yule mama aliposimama. Alikuwa na furushi la kanga kifuani, akalifungua, na ndani yake mlikuwa na shati la kijana, la rangi ya maziwa, lenye vifungo viwili visivyofanana. Nikatambua kwamba alikuwa amelibeba wiki zote zile.

"Mwalimu," akasema, "ulimwandika dada yako kwenye karatasi. Ile karatasi ipo?"

"Ipo wilayani, mama."

"Basi aje anishikie."

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia Jumatano ijayo.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu nikamwomba jambo ambalo limenichukua miaka mingi kulisema waziwazi, hata kwa padre. Nilimwomba adanganye.

"Mwambie yu hai," nikasema. "Utapungukiwa nini? Mjomba ataahirisha matanga, naye atalala usingizi."

"Na kijana akiwa amekufa?"

"Hatutajua."

"Atamngojea mpaka azeeke, kwa neno langu. Siku maiti ikitajwa nitamtazama vipi?"

"Basi mwambie amekufa, aanze kupoa."

Dada yangu alinitazama. "Amri ya nane inasemaje, Mwalimu?" Alikuwa hajawahi kuniita Mwalimu. "Unaifundisha kila Jumamosi. Watoto wanaimba 'Usiseme uongo' hadi mimi huku nyuma ninawasikia."

Akaendelea kukunja vitambaa, na nilipotoka aliniambia bila kugeuka, "Nitakuja. Kukataa kwenda ni sawa na kumwambia najua."

Jumatano hiyo, mchana, akaja afisa wa elimu ya watu wazima kutoka mjini, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Mkononi alikuwa na fomu yangu. "Ndugu katekista," akasema, "nimepanda mlima huu kwa ajili ya karatasi moja. Hii ni nini?" Nikamwambia asubiri saa kumi, ataona mwenyewe. Akaketi nyuma ya darasa, akafuta viatu vyake kwa majani.

Sikufungua redio siku ile. Dada yangu aliingia na mikono yenye unyevunyevu, inayonukia sabuni. Yule mama alilitandaza shati juu ya dawati. Mjomba alisimama mlangoni. Dada alilishika shati kwenye kola, akapitisha vidole kwenye mikono yake na kwapani, akalinusa, hakuona aibu kulinusa mbele ya watu. Akalirudisha juu ya dawati taratibu.

"Hili shati limekaa sandukuni muda mrefu," akasema. "Hakulivaa alipoondoka. Kifungo hiki cha chini umekishona wewe, uzi ni wa kanga yako. Basi. Zaidi ya hapo sijui."

"Lo!" akasema mzee wa karoti. "Hata mbuzi wangu angelijua hilo!"

Watu wachache wakaanza kucheka, wakaacha.

"Unajua," yule mama akasema. "Unajua, unanificha."

"Mwenzangu, ningejua ningekwambia, hata lingekuwa baya. Sijui. Sijapata kujua. Padre alikuwa na jasho la homa, nikalinusa. Mwanao hakuniachia jasho hapa." Kisha akanitazama mimi. "Mdogo wangu aliandika asilolijua."

Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watu wale kila Jumapili ambayo padre hakufika. Siku ile nilisimama nikiwa nimeshika dawati. Nikawaambia kwamba niliandika uongo kwenye karatasi yao, kwamba nilifanya hivyo ili nicheke nao, na kwamba dada yangu hakuniruhusu. Nikamwomba yule mama radhi. Hakunitazama.

Afisa akasimama kule nyuma. Nashukuru hakukemea. "Ndugu zangu," akasema, "ule mchezo ulikuwa wa kuwaburudisha tu. Hauna fomu. Fomu ni ya somo."

"Ungetuambia mapema, ndugu," akasema mzee wa karoti. "Sisi tumehangaika nao wiki nane."

"Umeishia wapi?" mtu akauliza.

"Umesimamishwa. Sababu sikuambiwa."

Yule mama akamgeukia. "Ndugu Afisa, yule mwanamke wa redioni. Mumewe alikuwa hai?"

Afisa alifungua mdomo. Naamini alikuwa na jibu la kiofisi, akaliacha. "Sijui, mama," akasema. "Mwisho haukutangazwa. Kama uliandikwa, mimi sikuuona."

"Kwa hiyo yule mwanamke naye hajui."

"Naye hajui."

Yule mama akalivuta shati, akaanza kulikunja, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kola juu. "Basi tuko wawili," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Sikuielewa siku ile. Nadhani kwa miaka mitatu kila mtu alimjia na neno lake, huyu yu hai, huyu amekufa, na siku ile dada yangu alisimama mbele yake na kusema hajui, na afisa wa Serikali akasema hajui, na mwanamke mmoja wa kwenye mchezo, asiyekuwepo duniani, alikuwa amepiga magoti mahali na bado hajajibiwa. Yule mama alikuwa amepata watu wa kukaa naye.

"Niachie nilifue," dada yangu akamwambia. "Limeshika harufu ya sanduku."

"Tutalifua wote," yule mama akasema.

Wakalifua kijitoni siku ya tatu yake, dada akaliweka buluu na kulipiga pasi kama alba. Tangu hapo walilifua kila mwaka katika Juma Kuu, pamoja na vitambaa vya altare, likaanikwa kwenye kamba moja navyo.

Jumamosi baada ya siku ile ya darasani, yule mama alikuja kwangu nilipokuwa nikipanga nia za Misa. Padre angefika kesho yake. Karatasi yangu ya nia ilikuwa na sehemu mbili, kama kawaida: wanaoombewa walio hai, na marehemu. Akataja jina la mwanawe. Kalamu yangu ilikuwa tayari, nikamtazama.

"Usimweke huku wala kule," akasema. "Umekwisha kuniandikia jambo usilolijua mara moja. Leo andika unalolijua."

Nililolijua ni jina. Nikaliandika katikati, peke yake, pana nafasi juu na pana nafasi chini. Padre alipoiona karatasi akaniuliza, nikamweleza yote, pamoja na lile la kumwomba dada adanganye. Akanirudishia karatasi, akasema, "Lisome lilivyo. Mungu anajua pa kuliweka."

Mjomba alikasirika kwa muda. Alisema tunawafundisha watu kuishi na milango wazi. Maharage yakavunwa, matanga hayakuwekwa. Msimu uliofuata nilimwona yeye mwenyewe, mtu mzima, akipalilia shamba la kando ya kijito. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akasema bila kuulizwa, "Magugu hayangoji mtu." Alilipalilia mpaka mgongo ulipomshinda.

Yule mama aliishi miaka mingi. Kijana hakurudi, wala habari ya kifo chake haikuja. Mama alipofariki nililihamisha jina lake yeye kwenda sehemu ya marehemu, na la mwanawe nikaliacha pale pale. Baadaye dada yangu akamfuata. Nawashukuru wote wawili kwa Mungu, na zaidi dada yangu, kwa neno lile moja aliloweza kulisema mbele ya darasa zima wakati mimi sikuweza. Nimelitumia mara nyingi baada ya hapo, nikiwa mbele ya wagonjwa na wafiwa, na sijapata kuona likimdhuru mtu.

Siku hizi nyumba za huku juu zina televisheni, na wajukuu wangu huniita nitazame watu wa mchezo wanaosoma mawazo. Natazama kidogo, kisha naenda kulala. Kigango kina katekista mwingine, kijana mzuri. Nilipomkabidhi kazi nilimkabidhi na karatasi za nia. Wiki ya kwanza alinijia na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee. Huyu hapa katikati, yuko upande gani?"

"Marahaba. Sijui," nikamwambia. "Msome akiwa peke yake, kisha nyamaza kidogo, ndipo uendelee na marehemu."

Jumapili hiyo niliketi benchi la tatu nikasikiliza. Alisoma walio hai. Akalisoma lile jina. Akanyamaza, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea mimi, hata watoto wakageuka kumtazama, kisha akavuta pumzi na kuendelea.